Jangwa Lililoitwa Bahari

Mpima bamvua hujuta maji mafu.

Mmelisikia neno hili likitoka kinywani mwa mtu mzima, mkacheka, kisha mkaulizana bamvua hupimwa kwa nini, na maji yakifa huzikwa wapi. Si vibaya kuuliza. Neno hili lina kwao, na lina mtu aliyelipata kwa uchungu. Kaeni basi, mlisikie lilikotokea.

Kwanza muijue nchi yenyewe. Kati ya Vanga na Tanga pwani haikunyooka. Bahari imeingiza vidole vyake ndani ya nchi kavu, na kila kidole watu wa huko hukiita hori. Maji ya chumvi huingia horini na kutoka, mikoko imesimama huku na huku miguu yake ikiwa topeni, na mgeni hawezi kujua pwani imeishia wapi na bara limeanzia wapi.

Zamani za Vumba Kuu, kabla mji ule haujabaki magofu, hapakuwa na mtu wa huku na mtu wa kule. Mtu alizaliwa kaskazini ya hori, akaoa kusini, akazikwa popote mauti yalipomkuta. Diwani wa Vumba alitawala watu, hakutawala mistari. Baadaye ikaja bendera ya Sultani wa Unguja, watu wakaitazama ikipepea, wakaendelea na kazi zao. Kisha wakaja Wazungu wa namna mbili. Wadachi, ndio Wajerumani, wakashika Tanga na kusini yake, Waingereza wakashika Mombasa na kaskazini yake, wakakubaliana huko kwao Ulaya kwamba kati yao upite mstari, kutoka baharini hadi mlima Kilimanjaro. Mlima hauna taabu. Umesimama pale pale, hata kipofu akipelekwa ataugusa. Taabu ilikuwa huku baharini, kwa kuwa bahari haisimami.

Basi katika hori mojawapo palikuwa na vijiji viwili vinavyotazamana, Kipwani upande wa kaskazini na Mtakani upande wa kusini. Jumbe wa Kipwani aliitwa Mwichande. Alikuwa mtu wa makamo, mswalihina, mpole wa maneno, na watu walimpenda kwa kuwa hakupenda ugomvi. Ila alikuwa na tabia moja: jambo zito likija, alitafuta njia ya kulizunguka kuliko kulikabili.

Nyuma ya minazi ya Kipwani, kabla hujafika kwenye mikoko, palikuwa na uwanja mpana, mweupe, usioota hata jani moja. Huo uliitwa jangwa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hufura ikapanda mpaka mahali isipofika siku nyingine. Maji hayo ndiyo bamvua, nayo hulifunika jangwa lote mpaka kwenye mizizi ya minazi. Mwezi unapokuwa nusu, bahari huchoka. Maji hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Hayo ndiyo maji mafu. Siku hizo jangwa hukauka, jua likalipiga, na chumvi ikatokeza juu ya udongo kama unga uliomwagika.

Chumvi hiyo ilikuwa kazi ya wanawake wa Kipwani. Waliukuna ule udongo kwa makombe ya chaza, wakaujaza kwenye vikapu, wakauchuja kwa maji ya bahari ndani ya mitungi iliyotobolewa chini, na maji yaliyochuruzika wakayachemsha kwa kuni za mikoko hadi ikabaki chumvi. Watu wa bara walikuja kuichukua, wakaacha mahindi na kunde. Kipwani hakukuwa na shamba la maana, ardhi yake ilikuwa mchanga. Mwanamke aliyefiwa na mume hakuwa na cha kulishia watoto ila lile jangwa. Na mmoja wao alikuwa Mwanatumu, dada yake Jumbe Mwichande, mkubwa wake kwa kuzaliwa, mjane mwenye watoto wanne. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wakunaji chumvi, kama mama yake alivyokuwa kabla yake.

Siku moja, tarehe ishirini na tatu kwa hesabu ya mwandamo, akaja mkalimani wa wapimaji wa mpaka, kijana wa Mombasa jina lake Faraji, amevaa viatu vipya. Akaketi barazani kwa Mwichande, akaletewa kahawa.

"Jumbe," akasema, "bwana mpimaji yuko mtoni Umba na wapagazi wake. Wanaweka mawe ya mpaka. Hapa kwenu anataka mtu anayeyajua maji, amwoneshe hori linaishia wapi. Taja siku, nikamwambie."

Mwichande akammiminia kahawa nyingine. Wasafiri walikuwa wamemletea habari kwamba mahali pengine serikali ikiona chumvi huweka mkono juu yake, na mwenye kuitaka lazima aombe ruhusa kama mtoto anayeomba sukari. Habari ile ilikuwa imemkaa kifuani. Siku ile ile, nyuma ya minazi, wanawake wote wa mji walikuwa jangwani wanakuna. Faraji angetembea hatua mia mbili tu angewaona. Lakini viatu vilimbana, na kahawa ilikuwa nzuri.

"Aje mwezi pili, siku ya pili ya mwandamo," Mwichande akasema mwishowe. "Baada ya swala ya alasiri."

"Mwezi pili! Jumbe, mwezi wenyewe bado haujafa. Bwana hapendi kungojeshwa."

"Anataka mtu anayeyajua maji, au anataka mtu wa kumfurahisha?"

Faraji akacheka. "Haya, nitamwambia. Nyinyi watu wa horini, hata Mzungu mnamfungisha kwa mwandamo."

Akaondoka akichechemea. Wala Mwichande hakumuuliza, maji yakishaoneshwa yatafanyiwa nini.

Jioni Mwanatumu alirudi, nguo imeganda chumvi hadi magotini, akasikia habari ya siku iliyotajwa. Akaweka kikapu chini.

"Mwichande, mwezi pili alasiri ni bamvua. Jangwa litakuwa chini ya maji."

"Najua, dada. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Asilione. Akija leo ataona chumvi, ataiandika, na kilichoandikwa na serikali kimekwenda. Akija mwezi pili ataona bahari. Bahari haina mwenyewe, dada. Ni ya Mungu. Nani atakuja kuizuia? Ataweka mawe yake, ataondoka, maji yatashuka, nanyi mtaendelea na makombe yenu."

Mwanatumu akamtazama ndugu yake kama anavyotazamwa mtoto aliyepanda juu ya paa. "Na akiuliza, utamwambia uongo?"

"Hapana. Nitamwonesha maji yalipo. Yatakuwa yapo."

"Mdogo wangu, ukimficha mtoto ndani ya maji, anaweza kufa huku wewe unajisifu kwamba hakuonekana."

Mwichande akacheka. "Nawe una maneno! Nenda ukaoge, chumvi imekupanda kichwani." Na Mwanatumu naye akacheka, maana alimpenda, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi pili ukafika. Bwana mpimaji alikuja na mwenzake wa serikali ya pili, wapagazi, askari, na vyombo vyao vya miguu mitatu. Mwichande alisali alasiri msikitini, akavuta tasbihi kidogo kuliko desturi yake, akatoka, akawatangulia.

Maji yalikuwa yamejaa kweli kweli. Yalilamba mizizi ya minazi, na samaki wadogo waliruka pale ambapo siku chache nyuma Mwanatumu alikuwa amepiga magoti. Kutoka hapo hadi mikokoni, na kutoka mikokoni hadi Mtakani, hapakuonekana kitu ila maji yanayong'aa. Hata watu wa Kipwani wenyewe walitazama kama wanaoliona hori lao kwa mara ya kwanza.

Bwana mpimaji akasema neno. Faraji akaligeuza: "Bwana anauliza, maji yanaishia hapa?"

"Hapa," akasema Mwichande.

"Kila siku?"

Hapo Mwichande akasita. Jibu lake alikuwa nalo tangu siku tisa nyuma, lakini swali lilipokuja lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, na uso wa aliyeuliza haukuwa na ubaya. Akageuza kichwa. Wanawake walikuwa wamesimama kati ya minazi wakitazama, na Mwanatumu mbele yao. Macho yao yakakutana. Mwanatumu angeweza kusema. Neno moja lilitosha. Lakini mwanamke wa Kipwani hakumvunjia ndugu yake heshima mbele ya wageni, tena ndugu mwenyewe ni jumbe. Akashika upindo wa leso, akauziba mdomo wake.

"Faraji," akasema Mwichande, "wewe ni mwana wa pwani. Bahari ni bahari. Bwana ana macho, na ayaamini macho yake."

Faraji akamwangalia kidogo, kisha akamgeukia bwana wake akasema maneno mafupi. Mpimaji akaitikia kwa kichwa. Kabla jua halijazama, mawe matatu yaliyopakwa chokaa yalikuwa yamesimama kati ya minazi ya Kipwani.

Usiku huo Mwichande alilala vizuri. Alijihesabia maneno yake, hakuona hata moja la uongo. Kusema kweli hakudanganya kwa maneno. Alichagua siku tu. Lakini mtu akitaka kudanganya bila kusema uongo, shetani humwazima kalenda.

Maji yakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kila siku hatua kadhaa. Tarehe nane jangwa likatoka lote. Tarehe kumi lilikuwa limekauka, na chumvi imetokeza nyeupe. Wanawake wakabeba vikapu, wakateremka, wakayapita mawe bila kuyatazama. Mwichande alikuwa amesimama kwenye minazi, akitabasamu peke yake.

Hawajajaza hata kikapu kimoja, wakatokea askari wawili kutoka upande wa Mtakani, na bunduki mabegani. Mmoja akainua mkono.

"Kina mama, rudini. Huku si kwenu. Huku ni kusini."

Mwanatumu akanyoosha mgongo, kombe mkononi. "Mwanangu, umepotea njia. Kusini ni kule Mtakani. Hapa ni jikoni kwangu."

"Mpaka uko nyuma yako, mama. Yale mawe pale."

"Yale mawe ni ya bahari."

"Ndiyo," akasema askari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma alichofundishwa. "Hori lote na maji yake ni la serikali ya kusini. Maji yanapoishia, ndipo nchi ya kaskazini inapoanzia. Ndivyo ilivyoandikwa. Na hapa, imeandikwa, ni maji."

Wanawake wakatazama chini. Walikuwa wamesimama juu ya udongo mkavu unaovunjika chini ya nyayo. Mmoja akaanza kucheka, akadhani ni mzaha. Askari wa pili akapiga teke kikapu kilichokuwa karibu naye, si kwa nguvu, kikalala ubavu, udongo ukamwagika. Hakuna aliyecheka tena.

Mwichande aliyaona yote kutoka kwenye minazi. Hakuna aliyemgeukia, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemgeukia. Mwanatumu alipita karibu naye na kikapu kitupu, akasema kwa sauti ya chini, "Bahari yako imepata mwenyewe."

Kesho yake alfajiri Mwichande alishika njia. Alikwenda siku mbili kwa miguu, akiufuata mto Umba kuelekea bara, mpaka akalikuta hema la wapimaji. Faraji alimpokea, akaona miguu yake ilivyovimba, akampa maji kabla hajamuuliza. Kisha akampeleka kwa bwana wake, aliyekuwa ameketi mbele ya meza yenye karatasi kubwa.

"Mwambie," alisema Mwichande, "nimekuja kusema niliyoyanyamazia. Pale tulipomwonesha maji, maji hukaa siku chache kila mwezi. Siku nyingine zote ni nchi. Ni jangwa letu la chumvi. Wanawake wetu wanaishi kwa hilo."

Faraji akasema. Mpimaji akasikiliza, akaivuta ile karatasi, akaweka kidole. Pale alipoweka kidole palikuwa pamepakwa rangi ya samawati.

"Anasema hapa ni bahari. Anasema wewe mwenyewe ulisema."

"Ilikuwa bahari siku ile."

"Anauliza siku ile ilichaguliwa na nani."

Mwichande akainamisha kichwa. "Na mimi."

"Anauliza kwa nini."

"Nilitaka asilione. Nilijua kwamba bahari ni ya Mungu. Nikasema jangwa likiitwa bahari, halitakuwa na mwenyewe, nasi tutabaki nalo."

Faraji alichukua muda mrefu kuligeuza hilo. Mpimaji akamsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, wala hakucheka. Alipojibu, alijibu taratibu, akiikunja ile karatasi.

"Anasema, kwenye karatasi hii hata bahari ina mwenyewe. Na anasema, nakala yake ilikwisha kuondoka na meli, itatiwa sahihi huko Ulaya na watu ambao hajawahi kuonana nao. Anasema anasikitika, jumbe. Bahari yako inajaa na kupwa. Karatasi haijai wala haipwi."

Mwichande akatoka nje. Faraji akamfuata hatua chache.

"Mzee wangu, siku ile nilikuuliza, kila siku?"

"Uliniuliza."

"Mimi nami ni mtu wa pwani. Nilijua. Nikasema moyoni, huyu ana sababu yake, mimi nani?" Akatikisa kichwa. "Nenda salama, baba."

Aliporudi Kipwani ilikuwa Ijumaa. Mji ulikuwa unachemka. Kwa siku zote alizokuwa njiani, watu walikuwa wametunga habari yao wenyewe, kwamba Faraji amehongwa, kwamba mkalimani mwenye viatu vile hawezi kuwa mwaminifu, kwamba jumbe wao masikini ameonewa. Vijana walikuwa wamekwisha kunoa majembe. Baada ya swala walikusanyika uwanjani, wakisema wanakwenda kuyang'oa mawe mchana huo huo, na askari wakija na waje.

Mwichande alisimama kwenye kizingiti cha msikiti. Alijua akinyamaza tu, jina lake litabaki zima. Hakuna aliyejua zaidi ya dada yake, na Faraji na bwana wake, nao wako mbali. Alijua pia kwamba askari wale wana risasi, na kwamba mtoto wa kwanza kufika kwenye jiwe atakuwa mwana wa mtu. Zamu hii hakuona mahali pa kuzungukia.

"Wekeni majembe chini," akasema.

"Jumbe, wametuibia!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Hawakutuibia. Niliwapa mimi."

Wanawake waliokuwa nyuma ya ukuta wa msikiti wakasogea wasikie.

"Mpimaji aliniuliza maji yanaishia wapi. Mimi nayajua maji ya siku thelathini, nikamwonesha ya siku moja. Niliichagua siku hiyo kwa makusudi, nimfiche chumvi, na jangwa likaingia baharini pamoja na hila yangu. Faraji hana kosa. Mawe hayana kosa. Mimi nilipima bamvua, sasa najuta maji mafu."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini akasema kwa uchungu, "Na wake zetu watachemsha nini sasa, jumbe? Majuto?"

Mwichande akavua kilemba chake cha ujumbe, akakishika mikononi, asijue ampe nani. Ndipo Mwanatumu akatokeza kutoka kwa wanawake, akasimama pembeni mwa uwanja.

"Msimpige mawe peke yake," akasema. "Nami nilikuwapo. Niliulizwa na macho yake, nikaziba mdomo kwa leso. Kama ni kupima, kamba tuliishika wawili. Mwichande, vaa kilemba chako. Hatutaki kilemba. Tunataka chumvi. Vaa tuondoke, twende Mtakani."

Hapakuwa na njia ya Mtakani ila kulivuka lile jangwa, kabla maji ya alasiri hayajalifunika. Askari waliwaruhusu kupita kwa kuwa walikuwa wawili tu na mikono mitupu. Huko walikwenda kwa Bi Mize, binti wa mjomba wao, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa Mtakani na mtani wao tangu utoto. Alikuwa uani anapeta mpunga. Alipowaona akaushusha ungo.

"Tazameni!" akawaita watoto wake. "Bahari ya Kipwani imeota miguu, imekuja kunisalimia!"

"Mize, leo usinitanie," akasema Mwichande.

"Nisikutanie? Basi nikulilie? Kulia nimekwisha kulia, tena peke yangu, wala hukuniona." Akawawekea mkeka. Walipoketi, uso wake ukabadilika. "Mimi sikuliomba jangwa, binamu. Niliamka asubuhi nikaambiwa ni la kwetu, kama mtu anayeamka akamkuta mbuzi wa jirani amefungwa mlangoni pake. Nikimchinja, mimi mwizi. Nikimfungua, askari hawa hapa. Mnataka nifanye nini?"

"Tunaomba wanawake wetu wakune," akasema Mwichande. Katika maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu Mtakani. "Si kwa haki. Kwa ihsani yako."

Bi Mize akamtazama Mwanatumu, si Mwichande. Mwanatumu alikuwa akiutazama mkeka.

"Nitasema na mkubwa wa askari," akasema Bi Mize. "Mkewe ananunua kwangu mchele. Lakini najua atakachotaka. Atataka wasiingie kama wenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkubwa wa askari alikubali wanawake wa Kipwani wakune chumvi kila maji yanapokufa, ila waingie kama wageni wa wanawake wa Mtakani. Wasimame kwenye jiwe, wabishe hodi, na wasivuke mpaka waitikiwe.

Maji mafu ya kwanza baada ya hapo yalikuwa karibu na mwisho wa mwezi. Wanawake wakateremka na vikapu vyao, wakafika kwenye mawe, wakasimama. Mwichande alikuwa nyuma yao. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemfukuza. Kule mbele, katikati ya jangwa, Bi Mize alikuwa amesimama na askari wawili wakingoja.

Mwanatumu alikuwa wa mbele. Pale mbele yake ndipo mama yake alipomfundisha kushika kombe. Ndipo alipokuwa akikuna siku ile uchungu wa mtoto wake wa kwanza ulipomshika, wakambeba mbio hadi nyumbani. Akakiweka sawa kikapu kichwani. Wanawake waliokuwa nyuma yake hawakumhimiza.

"Hodi," akasema.

Sauti haikufika. Askari mmoja akainua mkono, kama anayesema hatujasikia.

"Hodi!" akasema Mwanatumu mara ya pili, kwa nguvu, na sauti ile ikapita juu ya jangwa lote.

Bi Mize alikuwa ameweka mzaha tayari tangu asubuhi. Alitaka kumuuliza, hodi ya nani, ya samaki au ya mtu? Alitaka kumchekesha ili lile jambo lipite upesi. Lakini alipomwona amesimama pale kwenye jiwe, na kikapu kichwani, anangoja ruhusa, mzaha ukamfia mdomoni.

"Karibu," akamwitikia. Kisha akaongeza neno ambalo askari hawakumwagiza. "Karibu, mwenyewe."

Mwanatumu akalipita jiwe, na wengine wakamfuata. Mwichande alibaki upande wa minazi. Wakakuna hadi jua likapanda, yeye akiwa amesimama pale pale, akisikia makombe yanavyokwaruza udongo, hatua chache mbele yake, katika nchi nyingine.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akabaki jumbe, na inasemekana hakuna mtu wa hori lile aliyekuwa mkweli kuliko yeye. Mtu akimletea shauri, alimuuliza kwanza: hili unalonionesha, ni la siku zote au ni la leo? Lakini mwezi ulipokuwa nusu hakusafiri. Alikwenda kwenye minazi, akasimama, akaisikiliza ile hodi ya dada yake hadi iitikiwe, ndipo akarudi nyumbani. Mwanatumu alipokufa ikawa hodi ya binti yake.

Kwa hiyo, wanangu, mkimwona mtu anataka kugawana urithi siku ambayo nduguye hayupo, au anamposa binti wa watu siku aliyovaa nguo za kuazima, au anatoa ushahidi wenye ukweli wa siku moja akauficha ule wa siku nyingine zote, msigombane naye. Mwambieni neno moja, lile lile mlilolisikia, na sasa mnajua ni nani aliyelisema kwanza na alikuwa amesimama wapi.

Mpima bamvua hujuta maji mafu.